Kidhibiti cha nyumba cha bei nafuu kinachoweza kukua: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Swali la kwanza la kumuuliza mtu anayekuuzia kidhibiti cha nyumba, yaani kifaa kinachoziongoza taa, swichi na vihisi, ni hili: intaneti ikikatika usiku wa manane, kihisi cha mwendo kitaendelea kuwasha taa ya korido? Akisita kujibu, usitoe pesa. Kuna vidhibiti ambavyo lazima vitume habari kwenye seva ya kampuni iliyo mbali, vingoje jibu, ndipo viwashe taa iliyo mita tatu kutoka vilipo. Vitakusumbua kila mtandao ukiyumba, na siku kampuni ikifunga seva zake utabaki na plastiki.

Hilo limeshatokea, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 kidhibiti cha Revolv, ambacho kampuni ya Nest ilikuwa imekinunua, kilizimwa kabisa, na waliokuwa nacho wakabaki na kisanduku kisichofanya kazi. Kampuni ya maduka ya Lowe's ya Marekani ilifunga huduma yake ya kidhibiti cha Iris mwaka 2019. Mwaka uliofuata Wink, kampuni nyingine ya vidhibiti, iliwatangazia wateja wake kwamba walipe kila mwezi au wapoteze huduma. Aprili 2022 seva za Insteon, nayo ya vidhibiti, zilizimika ghafla, na ni baadaye tu kundi la watumiaji lilipoinunua na kuzirudisha. Waliokuwa wakiendesha vifaa hivyo kwa programu iliyo ndani ya nyumba zao waliendelea kuwasha taa kama kawaida.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: tenganisha vitu vitatu ambavyo wauzaji hupenda kuvifungia kwenye kisanduku kimoja, yaani mashine, programu na redio. Mashine ni kompyuta ndogo. Programu ndiyo inayoamua taa iwake lini. Redio ndiyo inayozungumza na swichi na vihisi. Vikiwa mbalimbali, mashine ikifa unanunua nyingine na kurejesha nakala. Ukitaka teknolojia mpya unachomeka redio ya pili. Ukichoka na programu unahamia nyingine bila kung'oa swichi hata moja ukutani. Upanuzi ninaouzungumzia ndio huo. Kisanduku kilichoandikwa "vifaa 200" bila mahali pa kuchomeka chochote hakipanuki, hata kama nambari yake inapendeza.

Mashine

Hapa watu hutumia pesa nyingi kuliko inavyohitajika. Kuwasha taa, kusoma joto na kufungua geti ni kazi nyepesi mno kwa kompyuta. Raspberry Pi 4, kompyuta ya ubao mmoja, yenye RAM ya GB 2 inaitosha nyumba ya kawaida, na GB 4 inakuachia nafasi ya kuongeza programu ndogo ndogo. Ukitaka kamera zinazotambua mtu na gari, hesabu inabadilika: tafuta kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel, kwa mfano N100, na RAM ya GB 8 kwenda juu.

Kama unanunua leo na hujashikamana na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, zile za ukubwa wa kitabu, ndiyo chaguo langu la kwanza. Mara nyingi huja na kasha, adapta na diski ya SSD, vitu ambavyo kwa Raspberry Pi unavinunua kimoja kimoja mpaka jumla inakushangaza. Usichukue kompyuta kubwa ya mezani kwa sababu tu ipo stoo. Mashine inayokula wati 5 mfululizo hutumia takriban kWh 44 kwa mwaka. Ya wati 10, kWh 88. Kompyuta ya zamani ya mezani inayokula wati 50 hata ikiwa haifanyi kitu, kWh 438. Zidisha kwa bei ya umeme unayolipa, kisha linganisha na ulichookoa kwa kutonunua.

Kompyuta hizo zilizotumika zina jambo moja linalosahaulika mpaka umeme ukatike mara ya kwanza. Nyingi huja zimewekwa zisiwake zenyewe umeme ukirudi. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa inapoanza kuwaka), sehemu ya mipangilio ya umeme, uchague iwake kila umeme unaporudi. Kisha zima, chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, chomeka. Ikiwaka yenyewe, vizuri. Isipowaka, au ikiwaka leo na kugoma mwezi ujao, angalia betri ya kidonge iliyo kwenye ubao, kwa kawaida CR2032. Ikishakufa, BIOS husahau mipangilio yote kila waya unapochomolewa, na mtu hukaa akilaumu programu wakati tatizo ni betri ya ukubwa wa sarafu.

Kwa Raspberry Pi, kinachokufa kwanza ni kadi ya SD. Programu ya nyumba huandika kila badiliko la kila kihisi kwenye hifadhidata, mchana na usiku, na kadi za bei ya chini hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Weka mfumo kwenye SSD. Ukilazimika kuanza na kadi, nunua iliyokusudiwa kuandikwa mfululizo, zile zinazouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, kisha punguza mzigo: Home Assistant, programu ya nyumba nitakayoieleza hapa chini, huhifadhi historia ya siku 10 na kuandika kila baada ya sekunde 5 usipoiambia vinginevyo. Kwenye sehemu ya recorder, inayosimamia historia, weka commit_interval (sekunde kati ya uandishi mmoja na mwingine) iwe 30, na uondoe vihisi usivyohitaji historia yake. Nguvu ya Wi-Fi ya kila soketi haina faida kwa mtu yeyote kuhifadhiwa.

Usitumie chaja ya simu badala ya adapta yake. Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3, Pi 5 inahitaji volti 5 na ampea 5. Pi 5 ikipata adapta ndogo inawaka, ila inapunguza umeme wa milango yote ya USB mpaka jumla ya miliampea 600. SSD na redio hapo zitaanza kupotea na kurudi, na kwenye mashine isiyo na skrini ni rahisi kutoliona onyo kwamba tatizo ni adapta.

Programu

Home Assistant ndiyo ninayoipendekeza kwa walio wengi. Ilianzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ni huria, na tangu 2024 inasimamiwa na Open Home Foundation, jambo linalopunguza hatari ya kuuzwa na kufungwa. Inatambua vifaa vingi mno, na watu wanaoitumia ni wengi kiasi kwamba kosa lolote utakalokutana nalo huenda limeshajibiwa mahali. openHAB, iliyoandikwa kwa Java, ni imara na inawafaa wanaopenda kupanga kila kitu kwa maandishi. Domoticz ni nyepesi zaidi na inaweza kukimbia kwenye mashine dhaifu, lakini orodha yake ya vifaa ni fupi. Kwa asiyetaka kugusa mfumo wa kompyuta kabisa, Hubitat Elevation ni kisanduku kilicho tayari ambacho kanuni zake zinakimbia ndani ya nyumba. Gharama yake ni kwamba redio na mashine vimeshafungwa pamoja.

Usakinishaji wa Home Assistant OS hauna ugumu. Pakua faili inayolingana na mashine yako, iandike kwenye diski kwa Raspberry Pi Imager au balenaEtcher, chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye rauta, washa, kisha fungua homeassistant.local:8123 kwenye kivinjari. Mara ya kwanza hupakua sehemu zilizobaki, kwa hiyo ipe muda kabla ya kudhani imekwama. Jina hilo lisipofunguka, tafuta anwani ya IP ya mashine kwenye ukurasa wa rauta na uitumie hiyo. Hapo hapo kwenye rauta, iwekee mashine anwani isiyobadilika. Ukiliacha hilo, siku rauta ikizimwa na kuwashwa vifaa vya Wi-Fi vitakuwa vinatafuta kidhibiti kwenye anwani ya zamani.

Toleo jipya hutoka kila mwezi, na marekebisho hufuata katika wiki zinazofuata. Usisasishe siku ya kwanza. Soma sehemu inayoeleza mabadiliko yanayovunja mambo ya zamani, chukua nakala, ngoja marekebisho mawili au matatu yapite, ndipo usasishe, tena saa ambayo uko nyumbani na huna haraka.

Redio, mahali ambapo nyumba nyingi hukwama

Taa ikichelewa sekunde tatu au kihisi kikipotea kila wiki, watu hununua mashine yenye nguvu zaidi. Karibu kila mara mashine haina kosa, na tatizo liko hewani.

Kwa bei na wingi wa vifaa, Zigbee, teknolojia ya redio inayotumiwa na swichi na vihisi vingi, ndiyo pa kuanzia. Hutumia masafa ya GHz 2.4, vihisi vyake vya betri hudumu mwaka au zaidi, na vifaa vinavyokula umeme wa ukutani hupokezana ujumbe wa vingine mpaka ufike kwa redio kuu. Redio ya USB yenye chipu ya CC2652P au EFR32MG21 inatosha nyumba nzima. Epuka redio za zamani za CC2531, hata ukipewa bure: zina RAM ya KB 8 tu, na vifaa vikifika makumi machache zinaanza kuzidiwa. Utatumia siku nzima kuunganisha vifaa upya utakapohamia redio nyingine.

Ukishaipata, usiichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Milango ya USB 3.0 na nyaya zake hutoa kelele inayoangukia kwenye masafa yale yale ya GHz 2.4, Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012, na hadi leo ndiyo sababu ya malalamiko mengi yasiyoeleweka. SSD ya nje iliyo sentimita tano kutoka kwenye antena inaweza kuiziba masikio redio kiasi kwamba kihisi kilicho chumba cha pili hakisikiki. Dawa ni waya wa kurefusha wa USB 2.0, mita 1 hadi 2, wenye kinga ya chuma ndani. Uchomeke kwenye mlango wa USB 2.0, na redio yenyewe uiweke wima mbali na kompyuta, rauta, televisheni na friji. Waya huu ni wa bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na hakuna kitu kingine kitakachokupa nafuu kubwa namna hiyo.

Hatua ya pili ni chaneli, na lazima iamuliwe kabla ya kuunganisha kifaa cha kwanza. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26, na Wi-Fi ya GHz 2.4 inakalia eneo hilo hilo. Wi-Fi kwenye chaneli 1 inafunika takriban MHz 2401 hadi 2423, chaneli 6 inafunika 2426 hadi 2448, na chaneli 11 inafunika 2451 hadi 2473. Zigbee chaneli 15 iko MHz 2425, chaneli 20 iko 2450, chaneli 25 iko 2475; yaani zinaangukia kwenye nafasi zilizoachwa katikati na mwishoni. Ifunge rauta yako kwenye chaneli moja, tuseme 1 au 6, kwa upana wa MHz 20 na siyo 40, kisha uiweke Zigbee kwenye 25. Kwa 26 kuwa mwangalifu, kwani kuna vifaa visivyoikubali. Zigbee2MQTT, programu inayounganisha vifaa vya Zigbee na kidhibiti, huanzia chaneli 11 usipoigusa, yaani ndani ya eneo la Wi-Fi chaneli 1. Ukibadilisha chaneli baada ya kuunganisha vifaa 40, vingine vitafuata na vingine itabidi uvipandie ngazi kimoja kimoja.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa kuunganisha. Anza na vifaa vya umeme wa ukutani, soketi na swichi, kuanzia vilivyo karibu na redio ukielekea mbali. Vikishatulia ndipo ulete vihisi vya betri, na kila kihisi ukiunganishe kikiwa mahali kitakapoishi. Ukiunganisha kihisi cha geti ukiwa umeketi mezani karibu na redio, kitajishikiza kwa redio moja kwa moja, na baadhi ya aina hazitafuti njia nyingine hata zikipelekwa mbali. Zinakaa siku mbili tatu kisha zinapotea. Balbu za Zigbee nazo hupokezana ujumbe, lakini mtu akizima swichi ya ukutani balbu inakufa na njia ya vifaa vilivyoitegemea inakatika. Kwa hiyo uti wa mgongo wa mtandao uwe soketi ambazo hakuna mtu anayezichomoa. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, soketi 3 au 4 zilizotawanywa hutosha kwa kuanzia. Kuta za zege zikiwa nene, ongeza moja kila upande wa ukuta.

Kwenye mipangilio, tumia njia ya redio inayoanza na /dev/serial/by-id/ na uachane na /dev/ttyUSB0. Ukiwa na redio mbili, hiyo nambari ya mwisho inaweza kubadilishana mashine inapowaka, na asubuhi utakuta programu ya Zigbee inajaribu kuzungumza na redio ya Z-Wave, teknolojia nyingine nitakayoifikia. Weka pia ufunguo wa mtandao uliozalishwa kwa bahati nasibu kabla ya kuanza; ufunguo wa mfano ulioandikwa kwenye maelekezo unajulikana na kila mtu, na kuubadilisha baadaye maana yake ni kuunganisha kila kitu upya.

Nyumba ikiwa ndefu au ya ghorofa, kuna redio za Zigbee zinazounganishwa kwa waya wa mtandao badala ya USB. Unaiweka katikati ya nyumba, kompyuta inakaa popote. Hakikisha tu imeunganishwa kwa waya kweli: Zigbee inayopitia Wi-Fi kufika kwenye kompyuta hupoteza mawasiliano kila Wi-Fi inapokohoa.

Z-Wave ni nzuri kwa kuta nzito kwa sababu iko chini ya GHz 1, mbali na msongamano wa Wi-Fi, lakini vifaa vyake ni ghali zaidi na masafa hutofautiana: Ulaya ni MHz 868.42, Marekani 908.42. Kifaa cha eneo moja hakisikilizani na redio ya eneo jingine, na vifaa vingi havina mpangilio wa kulirekebisha hilo. Angalia masafa yanayoruhusiwa ulipo kabla ya kuagiza chochote.

Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumba kilichotoka Oktoba 2022, inaahidi kifaa kimoja kukubaliwa na programu zote, na naona ndiko mambo yanakoelekea. Ila vifaa vya Matter vinavyotumia Thread, redio inayofanana na Zigbee, vinahitaji kifaa cha kuunganisha Thread na mtandao wa nyumba, na mtandao huo usizuie IPv6 (mfumo mpya wa anwani za mtandao). Kwa wanaoanza, ni redio ya kuongeza baadaye. Hapo ndipo utafurahia kuwa na mlango wa USB uliobaki wazi.

Kuhusu Wi-Fi nitasema machache. Soketi za Wi-Fi ni rahisi kupata, lakini rauta za bei ya chini hulemewa vifaa vikifika makumi, na nyingi ya soketi hizo zinategemea seva za nje. Nunua zile zenye mawasiliano ya ndani, au zinazokubali kuwekewa Tasmota au ESPHome, programu huria zinazokaa ndani ya kifaa chenyewe. Chipu za ESP8266 na ESP32 ya kwanza, zinazotumika kwenye vifaa vya namna hiyo, husikia GHz 2.4 pekee, kwa hiyo rauta iliyowekwa kwenye GHz 5 tupu haitazipokea, na iliyowekwa kwenye usalama wa WPA3 tupu inaweza kuzikataa baadhi.

Swichi, nyaya na relei

Kidhibiti hakina maana kama huwezi kukifikisha kwenye taa. Kabla ya kuagiza swichi, zima breka, fungua kisanduku kimoja cha swichi na uangalie ndani. Nyumba nyingi zina waya wa laivu na wa kurudi kwenye taa tu. Nyutro, waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, iko darini. Swichi nyingi za kisasa zinataka nyutro. Zipo zisizoihitaji, ila hupitisha umeme kidogo kwenye balbu ili zenyewe ziishi, na balbu ya LED ya wati 3 itakuwa inamulika hafifu au kumetameta ikiwa imezimwa. Hurekebishwa kwa kapasita maalumu inayofungwa sambamba na taa. Zaidi ya hayo, swichi isiyo na nyutro kwa kawaida haipokezi ujumbe wa wengine, kwa hiyo usiihesabu kwenye uti wa mgongo wa Zigbee. Kama huna uzoefu na umeme wa nyumba, kazi hii mpe fundi mwenye leseni.

Namba zilizoandikwa kwenye relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme badala ya kidole, zisomwe kwa tahadhari. "Ampea 16" ni kwa mzigo kama hita, siyo mota. Hita ya maji ya wati 3000 kwenye volti 230 inavuta ampea 13 kwa saa nzima, na relei ndogo iliyobanwa ndani ya kisanduku cha ukutani huchemka mpaka plastiki inabadilika rangi. Pampu ya maji inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida kwa kitambo kifupi, na vidole vya relei huungua na kugandana. Mzigo wa namna hiyo uendeshwe na kontakta, yaani relei kubwa ya mizigo mizito, ampea 25 au zaidi, na relei yako iamuru koili ya kontakta tu. Pampu iwe pia na swichi ya boya inayokata umeme yenyewe tangi likijaa, bila kupitia kompyuta yoyote.

Anayejitengenezea kwa ESP32 na bodi ya relei atakutana na kero hii: kila umeme ukirudi, relei inagonga na geti linafunguka. Sababu ni pini zinazotumiwa na chipu kuamua namna ya kuwaka. Kwa ESP32 ni 0, 2, 5, 12 na 15. Hubadilika hali zenyewe kabla programu yako haijaanza. Hamishia relei kwenye pini kama 25, 26, 32 au 33. Bodi nyingi za relei pia huwaka pini ikiwa chini, kwa hiyo kwenye ESPHome weka inverted: true, na kwa kitu cha hatari kama pampu au geti weka restore_mode: ALWAYS_OFF ili umeme ukirudi kisijiwashe.

Umeme ukikatika

Kidhibiti, rauta na redio zikae kwenye betri moja. Jumla yao mara nyingi ni kama wati 15. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84 kwenye karatasi, lakini ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa haraka. Kwa hiyo hesabu Wh 42, toa upotevu wa kubadilisha volti, utapata saa mbili na zaidi kidogo. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya ukubwa ule ule inakupa karibu mara mbili ya muda huo kwa sababu inakubali kutumika karibu yote. UPS ndogo za volti 12 zinazolisha rauta moja kwa moja hupoteza kidogo kuliko UPS ya kawaida inayobadilisha kwenda volti 230 halafu adapta inairudisha chini tena. Linganisha volti na polariti (upande wa chanya na hasi) ya plagi ya rauta kabla ya kuchomeka.

Kuingia ukiwa mbali

Usifungue mlango wa 8123, ule wa Home Assistant, kwenye rauta ukauelekeza nje. Tumia WireGuard au Tailscale, yaani VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa nyumbani, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, basi. Ukitenga vifaa kwenye mtandao wao peke yao, jambo zuri, jua kwamba utambuzi wa kiotomatiki unategemea mDNS (njia ambayo vifaa hujitangaza kwenye mtandao) ambayo haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine mpaka rauta iruhusiwe kuupitisha. Kifaa "kimepotea" tu machoni pa programu. Ukiingiza anwani yake kwa mkono kinapatikana.

Nakala

Panga nakala ichukuliwe kila usiku na ihifadhiwe nje ya mashine, kwenye diski ya mtandao au kompyuta nyingine. Nakala za Home Assistant za sasa hufungwa kwa ufunguo; uandike ufunguo huo kwenye karatasi au kwenye programu ya kutunza manenosiri iliyo nje ya kidhibiti. Nakala bila ufunguo haikusaidii kitu. Hakikisha imebeba pia mtandao wa Zigbee: Zigbee2MQTT huandika faili ya coordinator_backup.json, na ZHA, kiunganishi cha Zigbee kilichomo ndani ya Home Assistant, ina nakala yake ndani ya mipangilio. Kwa faili hiyo, redio ikiungua unachomeka nyingine ya familia ile ile ya chipu, unarejesha, na vifaa vinaendelea bila kujua kwamba kuna kilichobadilika. Bila hiyo, ni ngazi na kila kihisi upya.

Jaribu kurejesha kabla hujaongeza kifaa cha kumi. Chukua kadi ya SD yoyote au diski ya akiba, andika mfumo mpya, zima mashine ya zamani kwanza ili mashine mbili zisigombanie mtandao mmoja, hamisha redio, rejesha nakala. Kisha chomoa waya wa intaneti kwenye rauta, Wi-Fi ikiachwa inawaka, na upite chumba kwa chumba: bonyeza swichi, pita mbele ya kihisi cha mwendo, fungua mlango wenye kihisi. Kifaa chochote kitakachokaa kimya hapo kiandike jina lake. Ama hakimo kwenye nakala, ama kinategemea seva ya mtu mwingine, na kwa hicho cha pili bado uko ndani ya muda wa kukirudisha dukani.